Madamu Haoni

Mtaani walimwita Madamu Haoni. Jina lilitokana na tabia yake ya kumpita mtu uso kwa uso, tena mtu aliyekaa naye ofisini jana yake tu, kana kwamba anapita nguzo ya umeme. Hasalimii, hatabasamu, hapunguzi hata mwendo. Wengine walisema ni majivuno ya kazi ya serikali. Wengine walisema anahitaji miwani. Mama mkwe wake, ambaye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, alisema ni ukosefu wa malezi, ila alilisema hilo jikoni tu, mwanawe akiwa hayupo.

Hayakuwa majivuno, na macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa afisa ustawi wa jamii, na hivyo ndivyo walivyofundishwa chuoni: ukikutana na mteja wako njiani, usianze wewe kumsalimia. Mwache aamue mwenyewe. Akikusalimia, itikia. Akikupita, mpite. Ukianza wewe, aliye naye atamuuliza, "Yule mnajuana wapi?" na mtu atalazimika kutunga uongo hapo hapo kando ya barabara ili kuficha kwamba anapigwa nyumbani, au kwamba mwanawe yuko mahabusu. Kanuni ilikuwa nzuri na sababu yake ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba aliishi mahali ambapo hata watu walioshtakiana mahakamani husalimiana kwanza, waulizane na habari za watoto, ndipo wanuniane.

Nyumbani walikwishaizoea, wakaigeuza utani. Wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akiishi nao na kusuka watu nywele barazani, ndiye aliyeuanzisha. Wakitembea pamoja, Haoni akigeuza shingo ghafla kuangalia ukuta usio na kitu, wifi humgonga kiwiko. "Wa faili huyo!"

"Acha ujinga."

"Wa faili! Nimekuona ulivyokakamaa kama mtu wa picha ya pasipoti."

Walicheka wote, na Haoni naye alicheka. Mtu anayerudi jioni na miguu imevimba, akute vyombo kwenye sinki na mtoto anayedai daftari la hesabu limeliwa na panya, hana nguvu ya kuchunguza kila utani una nini ndani yake.

Miongoni mwa wateja wake alikuwemo mwanamke waliyemwita Fundi, kwa sababu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amemkimbia mumewe, dereva wa lori, akiwa na binti yao mdogo na nguo walizovaa. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena sawasawa tangu siku mumewe alipoubana kwa mlango na kuendelea kuusukuma mlango. Haoni alimtafutia chumba upande wa pili wa mji, nyuma ya duka la kushonea nguo karibu na soko la kule, kwa mama mmoja asiyeuliza maswali. Polisi walikuwa na habari. Polisi wana habari za mengi. Alichohitaji Fundi ni kitu kimoja tu, mumewe asijue alipo.

Sasa, Dereva huyo mama yake alikuwa rafiki wa siku nyingi wa mama mkwe wa Haoni. Hilo Haoni alilijua siku alipofika kutoka kazini akamkuta Dereva amekaa kwenye kochi lake mwenyewe, shati limepigwa pasi, viatu amevivua mlangoni na kuvipanga, akinywa chai kwa adabu na machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, njoo umsikilize huyu," alisema mama mkwe. "Mke kaondoka na mtoto. Kaondoka tu! Wewe si ndiyo kazi yako hii?"

"Shikamoo mama," alisema Haoni, akakaa.

Dereva alizungumza taratibu, kwa sauti ya mtu ambaye ungempa mtoto wako akushikie. Hajui amekosea nini. Hali, halali. Alitoa simu akaipitisha mkono kwa mkono kuonyesha picha ya siku ya harusi yao. Wifi aliishika kwa muda mrefu. "Mzuri jamani," alisema. "Ona hayo macho."

"Dada," Dereva alimgeukia Haoni, "wewe unakutana na wanawake wengi. Hujamwona?"

"Mambo ya ofisini siyazungumzi nyumbani."

"Sikuulizi mambo ya ofisini. Nakuuliza mke wangu."

"Na mimi nimekujibu."

Mama mkwe alivuta kanga yake akafuta macho. "Kazi ya kusaidia watu," alisema, akiiambia kanga, "halafu moyo wa jiwe."

Mume wa Haoni, fundi majokofu, mtu wa maneno machache, aliinuka akaenda kuangalia friji isiyokuwa na tatizo lolote.

Kesho yake Haoni alimweleza bosi wake. Bosi alikuwa mwanamke mfupi aliyekuwa anangojea kustaafu kama watu wanavyongojea foleni isogee.

"Mumewe amekaa kwenye kochi lako?"

"Amekaa."

"Basi kesi siyo yako tena. Nipe mimi. Hilo hata mwaka wa kwanza wanalijua."

"Bosi, nimemwambia. Anasema hana nguvu ya kuanza kumsimulia mtu mwingine upya. Na mtoto ndiyo kwanza ameanza shule, ameacha kukojoa kitandani. Nipe kidogo watulie."

Bosi aliangalia meza mbili zilizokuwa wazi. Mwenye moja alikuwa likizo ya uzazi. Mwenye nyingine alihamishwa na hakuletwa mtu. Alikuna kichwa kwa kalamu. "Kidogo," alisema. "Kidogo kweli, siyo kidogo chako."

Wote wawili walijua jibu sahihi. Wote wawili walikuwa wamechoka.

Jumamosi wifi alitaka kwenda soko la upande wa pili kununua viatu vya shule vya mtoto wa Haoni. Kule ni bei poa, alisema, kila mtu anajua. Haoni alitafuta sababu ya kukataa akakosa yenye kueleweka. Angesema nini? Alijipa moyo kwamba Jumamosi Fundi huwa na kazi nyingi, hatoki.

Viatu vilipatikana. Wifi alikuwa na furaha, ameshinda ubishi wa bei, anatembea akitikisa mfuko. Haoni alimsalimia muuza viatu, akamsalimia mama wa nyanya, akamjibu hata yule mtu mwenye mifuko kumi ya plastiki anayesalimia kila anayepita kwa cheo cha jenerali. Kisha Fundi akatokea. Alitoka kwenye kona ya wauza vifungo, kitambaa kichwani, zipu zimemning'inia mkononi kama mishipi, binti yake ameshika upindo wa gauni.

Haoni aligeuza shingo. Aliangalia nyanya. Mabega yao karibu yagusane. Fundi alipita, mtoto akapita, na harufu ya mafuta ya cherehani ikapita nao.

Alingoja kiwiko. Hakikuja.

"Wifi," alisema wifi polepole, "yule dada wa zipu mbona hukumsalimia?"

"Dada yupi?"

"Aliyetupita sasa hivi."

"Kwani lazima nisalimie soko zima?"

"Umesalimia soko zima. Bado kidogo umsalimie na mbuzi." Hakuwa anacheka. Alikuwa amegeuka, anamtazama Fundi mgongoni. "Na ile picha ya Dereva... mwondolee ile shela. Mwondolee na poda. Macho si ni yale?"

"Twende, jua kali."

"Sema siyo yeye. Sema tu, mimi ninyamaze."

Hapo Haoni aliona shimo alilokuwa amelichimba mwenyewe, tena kwa bidii, mwaka baada ya mwaka. Akisema ndiyo, amemfichua mteja. Akisema usimwambie Dereva, amesema ndiyo. Akisema siyo, ni uongo, na uongo wenyewe hakuuamini mdomoni mwake, wifi angeuona unavyotoka.

"Unajua huwa sijibu maswali hayo," alisema. "Sisemi ndiyo, sisemi siyo."

"Huwa unasema siyo. Juzi nilipokuuliza yule mwenye baiskeli, ulisema simjui, acha kunichosha. Leo husemi." Wifi alihamisha mfuko wa viatu mkono mwingine. "Basi, wifi. Nimeelewa. Mwenzio analia kila siku kwa mama yake, na wewe ulikuwa unajua."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomchosha Haoni kuliko yote. Wifi alikuwa mtu wa huruma, na huruma yake ilikuwa imekwenda mahali pabaya, na hakukuwa na neno hata moja ambalo Haoni aliruhusiwa kulisema ili kuirudisha. Asingeweza kusema habari za mlango. Asingeweza kusema habari za mkono. Wifi aliaga, akasema anatangulia nyumbani na viatu. Alipofika kwenye geti la soko alikuwa tayari ametoa simu.

Haoni alisimama mbele ya nyanya asizonunua, akampigia bosi. Bosi alikuwa saluni.

"Nini? Sema kwa sauti, niko chini ya mashine ya kukaushia nywele!"

"Siwezi kusema kwa sauti."

"Sikusikii!"

"Ya kochi!" alisema Haoni. "Ile ya kochi! Imemwagika!"

Upande wa pili mashine ilizimwa. "Nakuja," alisema bosi. "Nenda kamwambie mwenyewe. Usimpambie."

Chumba cha Fundi kilikuwa na kitanda kimoja, cherehani dirishani, na sare za shule za watoto wa watu zimetundikwa kwenye misumari kama darasa lisilo na vichwa. Haoni aliketi ukingoni mwa kitanda akamweleza. Hakupamba. Nilikuwa na wifi yangu. Sikukusalimia. Kwetu wanajua kwamba nisiyemsalimia ni mteja. Amekufananisha na picha. Nadhani mumeo ameshaambiwa.

Fundi hakupiga kelele. Aliendelea kukata uzi kwa meno, akakata na mwingine ambao haukuhitaji kukatwa.

"Kwa nini hukunisalimia?"

"Ndiyo utaratibu. Kukulinda. Watu wasijue tunajuana."

"Ningekuwa mtu baki ungenisalimia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mji mzima unausalimia, unaniruka mimi. Halafu unasema umenificha." Fundi alitema kipande cha uzi. "Mimi kila ukinipita najua ni kazi yako. Lakini nikifika hapa ndani najiona kama kidonda ambacho watu wanageuza macho. Umewahi hata siku moja kuniuliza ninataka ufanyeje?"

"Hapana."

"Uliniuliza mengine yote. Mpaka choo naendaje."

Haoni hakujitetea. Angeweza kusema kwamba wenye kidonda ni wengi, na wapo waliomshukuru kwa kuwapita. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia huyu.

"Kuna njia mbili," alisema. "Unabaki hapa, tunakwenda polisi sasa hivi, waweke mtu awe anapita hapa, na twende mahakamani Jumatatu kuomba amri ya kumzuia. Au unahama leo. Sikuchagulii. Ila nikuambie ninavyojua, huyo mtu wa kupita mara nyingi hapiti."

"Mtoto ana shule."

"Najua."

"Ana rafiki. Wanagawana penseli." Fundi alimwangalia binti yake, aliyekuwa chini ya meza akipanga vifungo kwa rangi. Sauti yake ilipasuka hapo tu, kwenye penseli, akaikusanya. "Tunahama. Lakini cherehani inakwenda na mimi. Ikibaki, nabaki."

"Inakwenda."

"Na hizi sare mtazirudisha kwa wenyewe. Sitaki mtu aseme niliiba."

Bosi alifika na gari lake mwenyewe, nywele nusu zimefungwa rola, nusu hazijafungwa, na mtu yeyote aliyemtazama kichwani alitazamwa mpaka akaacha. Walibeba cherehani wanawake watatu, wakiiegemeza tumboni kama mgonjwa. Haoni alimkalisha mtoto siti ya nyuma, akainama kuingia baada yake.

"Wewe unakwenda wapi?" aliuliza bosi.

"Kuwasindikiza."

"Hapana. Wewe utabaki. Usijue tunapokwenda, na usiniulize kesho wala mwakani. Kesi nimeichukua." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nilipaswa kuichukua siku ile. Tumekosea wote. Toa mguu nifunge mlango."

Haoni akautoa mguu. Alikuwa na mambo mawili matatu ya kumwambia Fundi, hata moja halikufaa kusemwa dirishani. Fundi ndiye aliyeinua mkono mzima, ule wa kulia.

"Kwaheri, dada," alisema, kwa sauti ambayo duka zima lingesikia.

"Kwaheri," alisema Haoni. "Safari njema."

Gari likakunja kona. Alibaki na sare za watoto mikononi, akazirudisha nyumba kwa nyumba kama alivyoagizwa, akipokea malalamiko ya pindo ambazo hazikumalizwa.

Dereva alikuja Jumapili mchana. Hakuvua viatu.

Mama mkwe alikuwa mezani akichambua mchele. "Karibu mwanangu, kaa, chai iko—"

"Sikai." Alimwangalia Haoni. "Nimeulizia sokoni mpaka nikafika chumbani kwake. Wanasema kahama jana. Yuko wapi?"

"Sijui," alisema Haoni.

Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi katika kazi yake, na mara nyingi lilimkwaruza koo. Leo lilitoka laini. Hakujua kweli, wala hakuwa na namna ya kujua, na aliona ajabu jinsi ujinga huo ulivyomstarehesha, kama kiti.

"Jamani," alisema mama mkwe, "tuongee taratibu. Mama yako na mimi—"

"Mama, wewe nyamaza kwanza."

Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya mchele. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo katika nyumba ile, hata marehemu mumewe.

Dereva alimgeukia wifi, aliyekuwa ametoka barazani na chanuo mkononi. "Wewe si ulinipigia? Si ulisema umemwona kwa macho yako? Mnanichezea?" Alimshika kifundo cha mkono. Hakupandisha sauti hata kidogo, ilikuwa ile ile ya kumshikia mtu mtoto. Alikaza tu. Chanuo likaanguka. "Alikuwa amevaa nini? Alikuwa na nani? Nijibu vizuri."

"Unaniumiza, kaka."

"Nijibu kwanza."

Mume wa Haoni aliweka chini bisibisi. Alisimama katikati yao akaviondoa vidole vya Dereva kwenye mkono wa dada yake, kimoja kimoja, kama anavyoondoa waya zilizonasa. "Mlango ule pale," alisema.

Dereva akaenda. Alipokuwa anatoka alitabasamu kwa adabu, akamwambia mama mkwe kwaheri, na hilo ndilo lililomfanya mama mkwe ajifunge kanga vizuri kama mtu aliyesikia baridi.

Jioni wifi alikuja jikoni. Haoni alikuwa anaosha vyombo. Wifi alichukua kitambaa akaanza kufuta, mkono ukiwa na alama nne upande mmoja na moja upande wa pili.

"Alikuwa anamfanyia hivi?" aliuliza.

Haoni alisugua sufuria.

"Wifi. Ndiyo sababu aliondoka? Nijibu mimi tu, simwambii mtu."

Lingekuwa jambo jepesi. Lingewapa wote usingizi. Lakini kilichotokea mwilini mwa Fundi hakikuwa mali ya Haoni kukitumia, hata kwa kumfundisha wifi yake.

"Sijui unamzungumzia nani," alisema. "Nipe hiyo sahani."

Wifi alimpa sahani. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kitambaa cha vyombo. Haoni alikausha mikono, akauchukua ule mkono wenye alama akaushika chini ya bomba, maji ya baridi, muda mrefu.

Wiki iliyofuata ofisini aliingia mzee mmoja aliyekuwa analea wajukuu, baba yao akiwa amefungwa. Haoni alimpa kiti. Kabla ya kuuliza habari za chakula, za shule, za nani analala wapi, aliuliza lingine.

"Mzee wangu, tukikutana njiani nikusalimie, au nikupite?"

Mzee alifikiri. "Kwani wengine wanasemaje?"

"Wengine niwapite. Wengine niwaite shangazi. Mmoja kasema nimwulize kama ana mayai ya kuuza, basi nimekuwa mteja wake wa mayai."

"Mimi nisalimie," alisema mzee. "Tena kwa sauti. Tangu mwanangu aende ndani, watu wananipita."

Walikutana siku ya mvua, nje ya duka la dawa. Haoni alikuwa na wifi, miguu inamuuma, mwavuli una tundu, na kitu cha mwisho alichotaka ni kufungua mdomo. Akaufungua.

"Shikamoo mzee! Habari za wajukuu?"

"Marahaba, mwanangu! Wazima! Inakusumbua mvua hii?"

Wakaulizana mpaka habari za mwavuli. Kisha akamsalimia muuza dawa, na wanawake wawili waliosimama barazani, mmoja wao wa faili na mmoja mtu baki, kwa sauti moja, uso mmoja. Wifi aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, asiweze kujua yupi ni wa faili. Akachukua kikapu kutoka mkononi mwa Haoni, wakaendelea kutembea.